Ampu ya valvu kwa mpiga gitaa wa Malindi

Ukianza kutafuta ampu ya valvu ya mtindo wa zamani, yaani kikuza sauti cha gitaa, utatajiwa majina ya watengenezaji kabla hujasikia sauti yoyote. Utaambiwa Fender, Vox, Marshall. Utaambiwa miaka, 1957, 1964, 1965. Halafu zitafuata namba za valvu ambazo hakuna anayekaa kukueleza zina kazi gani. Kwa anayepiga gitaa Malindi, mimi naona majina yasubiri. Kwanza uliza utapigia wapi, stima ya hapo ikoje, na ampu italala wapi wakati wa kusi. Kumbi zetu nyingi hazina kuta. Stima yetu ni ya volti 240, na hupanda na kushuka inavyotaka. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu mwaka mzima. Ampu iliyotengenezwa bila kufikiria hayo inaweza kuwa na jina kubwa kuliko zote na bado ikashinda kwa fundi.

Tuanze na valvu yenyewe. Sumaku zilizo chini ya nyuzi za gitaa hutoa umeme mdogo sana, sehemu tu ya volti moja. Ndani ya valvu, ambayo ni kichupa cha kioo kilichonyonywa hewa, kuna uzi unaowaka, kwa kawaida kwa volti 6.3. Joto lake hufanya elektroni zichomoke kwenye kathodi, kipande cha chuma kinachopashwa na uzi huo, na kurukia bamba lililotiwa mamia ya volti. Kati ya kathodi na bamba kuna wavu. Umeme wa gitaa huingia kwenye wavu huo, na kila unapotikisika kidogo, mkondo mkubwa unaokwenda kwenye bamba hutikisika nao. John Ambrose Fleming alitengeneza valvu ya kwanza mwaka 1904 ikiwa haina wavu. Lee de Forest akauongeza mwaka 1906, na tangu hapo kanuni ni ile ile. Valvu ndogo, kama 12AX7, hukuza umeme wa gitaa hatua kwa hatua. Valvu kubwa, kama 6V6, 6L6, EL84 au EL34, huupa nguvu. Transfoma ya mwisho huugeuza uwe umeme ambao spika inaweza kuutumia.

Transista ilipatikana Marekani mwaka 1947, na katika redio ikaiondoa valvu kabisa. Wapiga gitaa walibaki nayo kwa sababu ya tabia yake inapozidiwa. Transista ikifika mwisho wa uwezo wake hukata vilele vya sauti ghafla. Valvu hulegea kidogo kidogo: vilele vya sauti hulainika na nota hunenepa, kisha ukikaza mkono zaidi ndipo mkwaruzo unaingia. Ukipunguza nguvu ya kidole, sauti inarudi kuwa safi bila kugusa nobu yoyote. Anayelipia ampu ya valvu analipia hilo.

Kwa hiyo kila ampu ya valvu ina sehemu yake kwenye volyumu ambapo inapendeza. Chini ya hapo ni safi lakini imepooza, na juu ya hapo inafoka. Suala ni kama ukumbi wako utakuruhusu kuifikisha ampu kwenye sehemu hiyo.

Wati na kelele

Wengi hudhani ampu ya wati 50 ina sauti mara 10 ya ampu ya wati 5. Masikio hayasikii hivyo. Ili sikio liseme sauti imekuwa maradufu, nguvu lazima iongezeke takriban mara 10, yaani desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Basi wati 50 dhidi ya wati 5 ni kama mara mbili tu masikioni. Tofauti ya wati 12 na wati 22 haifiki desibeli 3, na kwenye ukumbi wenye watu wanaokula na kuzungumza ni vigumu kuitambua. Spika nayo ina neno. Spika inayotoa desibeli 100 kwa wati moja, ukisimama mita moja mbele yake, ikichukua nafasi ya spika ya desibeli 97, ni sawa na kuongeza wati maradufu, na valvu hazijui kama kuna kilichobadilika. Anayelalamika kwamba ampu yake ni ndogo aangalie spika kabla ya kuuza ampu.

Wati nyingi hukupa nafasi zaidi ya sauti safi kabla ya mkwaruzo, na kwa muziki wetu nafasi hiyo ni muhimu. Bango, rumba na chakacha hutaka kila nota isikike imesimama peke yake. Fundi Konde, mtoto wa Kilifi aliyezaliwa mwaka 1924 na anayehesabiwa miongoni mwa waliolitangulia gitaa la umeme nchini Kenya, aliacha mfano wa gitaa tulivu linalosikika nota kwa nota, na mpaka leo mpiga solo wa Pwani anayechafua sauti kupita kiasi hutazamwa vibaya na mwimbaji wake.

Lakini nafasi hiyo usiinunue kupita kiasi. Chukua hoteli yenye ukumbi wa makuti kwenye barabara ya Casuarina au kule Watamu. Paa la makuti hunyonya sauti, upande wa bahari uko wazi, na meneja yuko hatua chache kutoka meza ya kwanza. Bendi nzima inapitia mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, na maiki iliyowekwa mbele ya ampu yako hupeleka gitaa kwenye spika kubwa. Katika hali hiyo Twin Reverb ya Fender, yenye wati 85 na uzito wa kilo 29 hivi, itakaa kwenye volyumu 2 usiku kucha. Utakuwa umebeba kilo zote hizo ili upate sauti iliyopooza. Siku ya kwenda Lamu ndipo uzito utauonja vizuri: boti kutoka Mokowe, ngazi za gati, kisha hamali au punda kwenye vichochoro visivyoingia gari. Kwangu mimi, wati 12 hadi 22 zinatosha karibu kila kazi ya Malindi. Harusi ya uwanjani isiyo na mikisa ya maana ndiyo inayohitaji zaidi ya hapo.

Koo tatu za sauti

Karibu kila ampu ya mtindo wa zamani inayouzwa leo ni mjukuu wa koo tatu.

Ya kwanza ni ampu za Fender za miaka ya 1950 zilizovikwa kitambaa cha tweed. Mfano wake mkubwa ni Deluxe ya saketi (mpangilio wa vipuri) ya namba 5E3, iliyotengenezwa kati ya 1955 na 1960: valvu mbili za 6V6, rektifaya (inayofanya stima iende upande mmoja tu) ya valvu ya 5Y3, spika moja ya inchi 12, wati kama 12. Saketi yake ni fupi, yenye nobu tatu tu, na hapo pana la kusimulia. Nobu zake huhesabu mpaka 12. Weka volyumu kwenye 4, piga kodi ya E kwa mkono mzima, usikilize. Valvu za 6V6 zinadai mkondo mwingi kwa ghafla, na 5Y3 haiwezi kuutoa wote papo hapo, hivyo volti za kwenye bamba zinashuka. Mwanzo wa kodi unabanwa, kisha nyuzi zinapoanza kutulia volti zinarudi na sauti inafura tena. Kidole kinahisi jambo hilo kabla ya sikio. Kuna jingine: ampu ina njia mbili za gitaa, kila moja na volyumu yake, na volyumu ya njia ambayo hukuchomeka gitaa bado hubadilisha sauti ya njia uliyochomeka, kwa kuwa saketi hizo mbili zimeungana bila kizuizi kikubwa kati yake. Ukiizungusha taratibu, sauti inanenepa au kukonda. Ampu hii huanza kukwaruza mapema. Kwa bluzi na roki ni tamu mno. Kwa bango inakutaka uwe na mkono mwepesi.

Ukoo wa pili ni Fender zenye uso mweusi, za 1963 hadi 1967. Deluxe Reverb ina wati 22 na spika moja ya inchi 12. Princeton Reverb ina wati 12 hivi na spika ya inchi 10, na ni nyepesi zaidi. Zote mbili zina mwangwi wa springi ndani yake. Saketi zake hurudisha sehemu ndogo ya sauti nyuma ili kujisahihisha, ndiyo maana zinakaa safi kwa muda mrefu na besi haitawanyiki. Sauti za katikati zimepunguzwa kidogo, nafasi ambayo mwimbaji huipenda sana. Kijana wa hoteli anayepiga rumba, bango na nyimbo za watalii usiku mmoja akiniuliza, nitamwelekeza huku.

Wa tatu ni wa Waingereza. Vox, iliyokuwa Dartford chini ya Tom Jennings na fundi wake Dick Denney, ilitoa AC15 na AC30 mwishoni mwa miaka ya 1950, zikitumia valvu za EL84. Sauti zake za juu humeremeta, na zikizidiwa hunguruma bila kupoteza mng'ao huo. AC15 ya wati 15 inaufaa mji huu. AC30 ni nzito na ina kelele kuliko wengi wanavyotarajia. Marshall ilianzia dukani kwa Jim Marshall, Hanwell, magharibi mwa London. Ampu yao ya kwanza, JTM45 ya mwaka 1962, ilifuata karibu kila kitu cha Fender Bassman ya saketi ya 5F6-A. Ni ampu nzuri ya jukwaa kubwa. Kwa kumbi zetu za kila wiki siipendekezi.

Kuna tofauti moja ya kiufundi inayokugusa moja kwa moja. 5E3 na ampu za Vox zina bayasi (mpangilio wa mkondo unaopita kwenye valvu kubwa gitaa likiwa kimya) inayojirekebisha: valvu kubwa zikichoka unachomoa, unachomeka jozi mpya iliyolingana, unaendelea na kazi. Deluxe Reverb inahitaji fundi apime na kurekebisha bayasi kila unapobadilisha valvu kubwa. Kama fundi unayemwamini yuko Mombasa, ipige hesabu hiyo kabla hujanunua.

Stima

Kenya tunatumia volti 240 na hezi 50, yaani mizunguko 50 ya stima kwa sekunde. Marekani wanatumia volti 120 na hezi 60. Ampu ya Marekani ukiichomeka hapa moja kwa moja, uzi wa valvu uliotakiwa kupata volti 6.3 utapata 12.6, na volti za bamba nazo zitakuwa maradufu. Ukiwa na bahati, fyuzi itakatika kwanza. Transfoma ya kushusha volti hutatua hilo mradi uwezo wake uzidi kwa mbali mahitaji ya ampu, lakini haibadilishi hezi. Transfoma iliyosukwa kwa hezi 60 tu ikifanya kazi kwa hezi 50 hupata joto zaidi, na usiku wa Februari hapa hauisaidii kupoa. Njia salama ni ampu ambayo transfoma yake ina njia ya volti 230 au 240 tangu kiwandani. Geuza ampu usome kibandiko cha nyuma, na kama kuna kiteuzi cha volti, angalia kimewekwa wapi.

Malindi ina jambo lake ambalo miji mingine ya Kenya haina. Waitaliano wamekaa hapa miaka mingi, na nyumba zinapouzwa vyombo vyao huuzwa pia. Italia ilikuwa na watengenezaji wa ampu za valvu miaka ya 1960, kama Davoli ya Parma, na Binson ya Milano iliyosifika kwa mashine zake za mwangwi. Ukikutana na ampu ya namna hiyo usiidharau, lakini usiichomeke kabla ya kupiga hesabu. Nyingi mwisho wake ni volti 220. Volti 240 ni ziada ya asilimia 9: uzi wa valvu unapata karibu 6.9 badala ya 6.3, na bamba la volti 350 linafika 380 na ushei. Ampu itaimba, tena itaimba vizuri, huku valvu na kapasita, vipuri vinavyohifadhi umeme, zikizeeka haraka. Fundi anaweza kufunga transfoma ndogo inayopunguza volti kama 20 kabla ya umeme kuingia kwenye ampu. Stebilaiza inayotoa volti 220 nayo inafaa, na inakukinga pia stima inaporudi kwa kishindo baada ya kupotea. Stima ikipotea katikati ya wimbo, zima ampu, na ikirudi subiri itulie kwanza.

Jenereta ya harusi ikilemewa hupunguza mwendo, na hezi hushuka pamoja na volti. Inveta za bei nafuu zisizotoa wimbi laini hufanya transfoma ivume. Uliza mapema stima ya shughuli inatoka wapi.

Waya wa tatu wa plagi, ule wa kwenda ardhini, haujadiliwi. Ampu nyingi za zamani zilikuja na waya mbili tu, na kapasita iliyounganisha njia ya stima na bodi ya chuma. Kapasita hiyo ikivuja, nyuzi za gitaa zinakuwa na stima. Unaposogeza mdomo kwenye maiki iliyounganishwa na ardhi, mkondo unapita kwako. Fundi aitoe kapasita hiyo na kufunga waya wa nyuzi tatu siku ile ile unayonunua, kabla ya kupiga hata nota moja.

Chumvi na unyevu

Kwenye hoja hii mimi na wapenzi wa vitu asilia tunaachana njia. Fender za zamani zilifungwa vipuri vyake juu ya ubao mweusi wa nyuzinyuzi uliopakwa nta. Ubao huo hunyonya unyevu, na ukishalowa huanza kupitisha umeme pale usipotakiwa kupitisha. Volti zinavuja kutoka tundu moja hadi jingine, nobu zinakwaruza, ampu inachemka kwa kelele ndogo isiyoisha. Fundi anaweza kuukausha kwa joto ukatulia kwa muda, kisha kusi inavuma na masika yanaingia, tunaanza upya. Ongeza transfoma zilizosukwa kwa karatasi na kapasita zilizokauka ndani baada ya miongo kadhaa. Ampu halisi ya 1958 inauzwa maelfu ya dola, na nyumba ya karibu na bahari ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kuiweka.

Kwa Pwani, basi, nunua saketi ya zamani iliyojengwa kwa vifaa vya leo. Kuna mafundi na viwanda vidogo Ulaya na Marekani vinavyotengeneza 5E3 au Deluxe Reverb kwa mkono, vipuri vikifungwa juu ya bodi ya faibaglasi, ambayo hainyonyi maji. Kila rezista inaonekana, na fundi yeyote aliyewahi kukarabati redio ya valvu anaweza kufuata mchoro wake. Michoro hiyo ya Fender inajulikana dunia nzima. Vipo pia vifurushi vya kujijengea mwenyewe, ila hivyo namwachia mwenye uzoefu wa kulehemu na mwenye kuheshimu volti 400.

Kampuni kubwa nazo hurudia ampu zao za zamani kwa bei nafuu zaidi, kwa bodi zilizochapwa kiwandani. Sauti ni nzuri. Tazama tu kama soketi za valvu kubwa zimefungwa kwenye chuma au zimebandikwa juu ya bodi yenyewe, maana joto la valvu huchosha bodi na kulegeza lehemu. Mwaka 2019 Fender walileta Tone Master, zinazoiga Deluxe Reverb na Twin bila valvu hata moja na kwa uzito kama nusu. Kwa anayevuka kwenda Lamu kila mwezi ni chaguo la kuheshimika, ingawa siyo ninachokizungumzia hapa.

Ukiwa nayo tayari, usiifunge kwa nailoni. Unyevu unabaki ndani. Ivike kitambaa, iinue kutoka sakafuni, iwashe angalau kila wiki ili joto lake liikaushe. Matundu ya kuchomekea gitaa hushika kutu kwanza: yasafishe kwa dawa ya vifaa vya umeme. Mafuta ya kupikia au ya cherehani yasiguse humo.

Siku ya kununua ampu iliyotumika nenda na fundi, na mwende na balbu ya kawaida ya uzi, siyo ya LED, iliyofungwa kwa mfuatano kwenye waya wa stima. Muuzaji atasema, "Bwana, hii iko sawa, nyumbani ilikuwa ikilia." Mjibu kwa upole kwamba itawashwa kwa balbu hata hivyo. Ampu ikiwashwa, balbu hung'aa kisha hufifia valvu zinapopata joto. Ikibaki inang'aa kwa ukali, kuna mahali pameshikana ndani. Zima hapo hapo. Spika iwe imeunganishwa muda wote, na omu zake (kipimo cha ukinzani wake) zilingane na zilizoandikwa nyuma, kwani ampu ya valvu ikipigwa bila spika inaweza kuunguza transfoma ya mwisho, kipuri cha bei kubwa. Baadaye gonga kila valvu taratibu kwa penseli: inayolia kama kengele kwenye spika imechoka. Zungusha nobu zote. Nusa transfoma.

Kufungua bodi ni kazi ya fundi peke yake. Kapasita kubwa hushika volti 300 au 400 hata baada ya plagi kuchomolewa. Mtazame anavyofanya: mkono mmoja mfukoni, rezista iliyofungwa waya wenye kinga inagusa ncha ya kapasita na bodi ya chuma, sindano ya mita inateremka polepole hadi sufuri, anasubiri, anapima tena. Asiyefanya hivyo usimpe ampu yako.

Valvu ambazo ampu za koo hizi hutumia bado zinatengenezwa, Slovakia kwenye kiwanda cha JJ, Urusi na China, ila soko lake huyumba: mwaka 2022 vizuizi vya Urusi vya kuuza bidhaa nje vilizua hofu dunia nzima na bei zikapanda. Ndiyo sababu nyingine ya kuchagua ampu inayotumia 12AX7, 6V6, 6L6 au EL84 na kuepuka zenye valvu adimu. Agiza jozi moja ya valvu kubwa zilizolingana na 12AX7 mbili pamoja na ampu yenyewe, ulipie usafiri na ushuru mara moja. Ziweke kwenye kopo linalofunga barabara pamoja na fyuzi za kiwango kile kile kilichoandikwa nyuma ya ampu, na kopo hilo lisafiri na gitaa.